Msimamizi wa Ghala Asiye na Ghala

Mguu mmoja ndani, mmoja nje. Ndivyo alivyoganda Bahasha katika toleo lililopita, na najua wapo mlionilaani kwa kumsimamisha mlangoni wiki nzima kama mwanasesere wa duka la nguo. Haya basi, aingie tuone.

Kwa aliyekosa gazeti, au aliyelikuta limeshafungiwa misumari dukani: Bahasha ni kijana aliyetafuta kazi miaka nenda miaka rudi, bahasha ya kaki kwapani, mpaka mtaa ukamsahau jina. Alipokwenda kuposa akaulizwa anafanya kazi gani. Ulimi ukateleza. "Mimi ni msimamizi wa ghala kiwanda cha sabuni," akasema, "funguo zote ziko kwangu." Posa ikapokewa na shangazi wa binti kwa mikono miwili.

Leo ndiyo siku ya usaili wa kuitafuta hiyo kazi aliyokwisha kujivunia. Na alipousukuma mlango, nani amekaa kiti cha katikati upande wa wasaili? Shangazi mwenyewe!

"Ingia, kijana, unatuingizia nzi," alisema Meneja.

Bahasha akaingia. Viatu vilikuwa vya kuazima, na viatu vya kuazima vina mambo yake: mguu unasimama, kiatu kinaendelea. Alifika mezani kabla hajawa tayari kufika.

Nyuma ya meza walikuwa watatu. Kushoto Meneja, mtu wa kitambi na cheko la karibu, kikombe cha chai hakimtoki mkononi. Kulia Afisa Utumishi, mwanamke kijana mwenye miwani ambaye hata ukimtekenya hacheki. Katikati ndiye huyo Shangazi, mwalimu mkuu mstaafu, aliyealikwa kama mjumbe kutoka nje ili usaili uonekane wa haki.

"Shika..." Bahasha alianza, kisha akaumeza ulimi. Akimwamkia Shangazi peke yake, atajulikana. Asipomwamkia kabisa, mkwe gani huyo asiye na adabu? Akakata shauri kuwagawia wote.

"Shikamooni!"

Afisa Utumishi aliinua miwani. "Na mimi pia? Mimi si ni mdogo wako?"

"Hata wewe, dada. Heshima haina umri."

"Marahaba," alijibu Shangazi huku akiangalia dirishani.

Meneja alimtazama huyu, akamtazama yule. "Mjumbe, mnafahamiana na huyu kijana?"

Bahasha alijifanya anakaza kamba ya kiatu.

"Hapana," Shangazi alisema harakaharaka. "Sijapata kumtia machoni."

Jamani! Bahasha nusura apige vigelegele. Mama wa watu kamwonea huruma, kamfunika nguo asiaibike! Akaapa moyoni kwamba mtoto wake wa kwanza wa kike atampa jina la Shangazi. Mngoje hapo hapo na hicho kiapo chake.

Akanyoosha mkono kumsalimia Meneja, akaubana kwa nguvu zote huku amemkodolea macho bila kupepesa. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na Profesa. Profesa ni jirani yake aliyehudhuria usaili mwingi kuliko mtu yeyote mtaani na hajawahi kupata kazi hata moja, na kwa sababu hiyo wenzake humlipa awafundishe.

"Mwingine tena!" Meneja aliuchomoa mkono wake na kuupuliza. "Leo nitaweka sahihi kwa kidole gumba cha mguu. Nani anawafundisha kuvunja watu mikono?"

Afisa Utumishi hakuwa na habari ya mkono. Alikuwa akilichunguza koti.

"Koti hili nimeliona."

"Makoti yanafanana, dada."

"Halifanani, ndilo. Kifungo cha juu cha kahawia, vya chini vyeusi. Asubuhi liliingia na kijana mrefu, mikono ikamwishia kwenye viwiko. Baadaye likaja na kibonge, likamkataa tumboni. Sasa limekuja na wewe."

Meneja alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye sahani. "Basi kazi tulipe koti! Ndilo lenye bidii kuliko wote!"

Ukweli ndio huo, siwezi kumtetea. Profesa ana suti moja tu, na wanafunzi wake huvuliana chooni ghorofa ya chini, anayetoka anamkabidhi anayeingia. Bahasha alikuwa anatafuta la kusema pale mlango ulipogongwa. Kikapenya kichwa, na chini ya kichwa mabega matupu.

"Samahani, waheshimiwa," kichwa kilisema. "Kaka, ukimaliza usipitie kantini, tafadhali. Kule chini kuna baridi."

Mlango ukafungwa. Bahasha alitamani sakafu ipasuke imfiche, lakini sakafu ilikuwa ya zege.

"Tuendelee," alisema Afisa Utumishi. "Tueleze udhaifu wako."

Hilo Bahasha alilijua kama alivyojua njia ya kwao. Akajiweka sawa kitini. "Udhaifu wangu mkubwa ni kwamba nafanya kazi kupita kiasi. Nikishika kazi sijui kupumzika, mpaka..."

"...mpaka nyumbani wananilalamikia," Afisa Utumishi alimmalizia, akiandika. "Wote mliokuja leo mnalalamikiwa nyumbani. Mnakaa nyumba moja?"

Meneja alikohoa kuficha kicheko. Shangazi alijipepea kwa faili ingawa feni ilikuwa inazunguka.

"Haya. Kwa sasa unafanya kazi wapi?"

Swali ndilo hilo, wasomaji wangu, na hebu liangalieni lilivyo na meno. Akijibu kwamba hana kazi, Shangazi atasikia kwamba posa ilikuwa ya uongo, na binti ameondoka. Akijibu kwamba yeye ni msimamizi wa ghala wa kiwanda hiki, wenye kiwanda hao hapo mbele yake. Mbele moto, nyuma moto.

"Kwa sasa," Bahasha alisema polepole, akiomba Mungu amletee sentensi, "kwa sasa niko kwenye sabuni."

"Kwenye sabuni kwa namna gani? Unaoga?"

"Kwenye... upande wa ghala. La sabuni."

Meneja aliweka kikombe chini. Macho yalimng'aa. "Ngoja kwanza. Usiniambie unatoka kwa wale wa ng'ambo ya barabara!"

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kiwanda kingine cha sabuni, na Meneja alikuwa anakosa usingizi kwa ajili yake. Bahasha hakusema ndiyo wala hapana.

"Mheshimiwa, mwajiri ni kama mke. Hasemwi kwa majirani."

Meneja alipiga meza. "Umesikia! Mtunza siri huyu! Yule wa zamani alikuwa anatusema mpaka kwa kinyozi!"

"Kijana ana adabu," Shangazi aliingilia, na sauti yake ilikuwa na haraka ya ajabu. "Mimi naona apewe, tusimchoshe kwa maswali."

"Mama, hatujamuuliza la ghala hata moja," alisema Afisa Utumishi.

"Ukimwona mtu unamjua."

"Lakini ulisema humjui."

Shangazi alichukua tena faili, akajipepea. Bahasha akazidi kumshukuru kimoyomoyo. Shangazi gani huyu, alijiuliza, na wako wangapi duniani? Maskini wa Mungu, mtu akitafuta kazi anageuka mtoto mchanga, anaamini kila anayemchekea.

Afisa Utumishi alivua miwani. "Sikiliza. Mvua inanyesha, paa la ghala linavuja, maboksi ya chini yameanza kulowa, na nje lori linasubiri mzigo. Unaanzia wapi?"

Bahasha hajawahi kuingia ghala lolote. Ujuzi wake wa sabuni uliishia bafuni, na huko kwenyewe si kila siku. Lakini Profesa alimwambia: ukikwama, taja jambo linalohitaji viti.

"Nitaitisha kikao."

"Kikao? Maji yanaingia!"

"Kikao cha dharura."

Meneja alichukua kalamu. "Huu sasa ni uongozi. Halafu?"

"Tunaunda kamati ndogo ichunguze chanzo cha maji."

"Chanzo cha maji ni mvua!" Afisa Utumishi alikaribia kupiga kelele.

"Ndiyo maana nasema ndogo, dada."

Meneja alifumba macho kwa raha, kama mtu aliyepata wa kumkuna mgongo. Paa la ofisi yake mwenyewe lilikuwa na doa la maji tangu mwaka juzi, na kamati yake ilikuwa bado inakutana. Hatimaye ameletewa mtu wa kuelewana naye.

"Kazi ni yako!" alisema.

"Meneja, wa kwanza asubuhi alisema angehamisha maboksi kwanza, halafu..."

"Yule alikuwa anatoka jasho. Mtu anayetoka jasho ananitisha. Huyu ametulia."

Afisa Utumishi alikusanya mafaili yake, akayapigapiga mezani yakae sawa. "Basi naomba iandikwe kwamba nilipinga. Na sabuni zikilowa, msinitafute." Akatoka, na mlango aliufunga kwa namna ambayo hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Bahasha hakumsikia hata mlango. Masikio yake yalijaa furaha tupu. Amepata! Uongo aliousema sebuleni kwa Shangazi umegeuka ukweli mchana kweupe, na hakuna wa kumnyooshea kidole tena. Alimwona binti amevaa nguo aliyoshona mwenyewe kwa ajili ya siku yao. Mtaa mzima ulimwita Bahasha. Binti peke yake alimwita kwa jina lake. Alitaka kulia, akakumbuka kwamba kola si yake.

"Ahsante, mheshimiwa. Ahsante sana, mama mjumbe."

Mama mjumbe alikuwa anajifuta jasho la shingo kwa leso.

Meneja aliinuka, akahakikisha mlango umefungwa, akarudi akakalia ukingo wa meza. Sauti akaishusha.

"Sasa, bwana msimamizi. Kazi yako ya kwanza si ya ghala. Ni ya kwangu binafsi. Umesema unajua kutunza siri."

"Mimi ni kaburi, mheshimiwa."

"Nataka kuoa."

"Hongera, mheshimiwa!"

"Mapema mno. Binti mwenyewe ni fundi cherehani, ana kibanda chake nyuma ya soko."

Mchumba wa Bahasha naye alikuwa fundi nyuma ya soko. Mafundi cherehani nyuma ya soko ni wengi, Bahasha alijipa moyo. Wamejaa tele. Ukitupa jiwe litaangukia fundi.

"Kibanda cha mlango wa kijani," Meneja aliendelea. "Na huyu mama hapa unayemwona ndiye shangazi yake. Ndiye aliyeipokea posa yangu. Nikasema, mkwe wangu, njoo uketi nasi siku ya usaili, uzoee zoee kiwanda."

Bahasha alimgeukia Shangazi. Shangazi aligeukia kikombe cha chai, tena kisicho chake.

Basi mama wa watu alikuwa amepokea posa mbili za binti mmoja, na zote kwa mikono ile ile miwili! Alipopokea ya kwanza aliamini kapata msimamizi. Ilipokuja ya Meneja akaona msimamizi ni nini mbele ya bosi wake. Ile ya kwanza hakuirudisha, ya pili hakuikataa. Huruma iko wapi hapo? Alikana kumjua Bahasha kwa sababu Bahasha angeweza kumjua yeye. Na kile kiherehere cha "apewe, apewe" kilikuwa ni cha kumwondoa chumbani upesi kabla maneno hayajakutana.

Hasira ilimpanda Bahasha mpaka masikioni. Kisha akakumbuka kwamba na yeye ni mwongo, hasira ikakosa pa kukaa.

"Kikwazo ni kimoja," Meneja alisema. "Binti anasema ana mtu wake. Na hebu sikia kituko: eti huyo mtu ni msimamizi wa ghala. Wapi? Hapa hapa! Kwenye ghala langu, ambalo halina msimamizi tangu yule domo kaya tulipomtimua!"

Alicheka peke yake.

"Kuna tapeli huko mtaani anatembelea cheo changu. Nataka unitafutie huyo mtu. Umlete hapa, binti amwone kwa macho yake alivyo, nami nimpeleke polisi. Unaweza?"

"Anafananaje?" Bahasha aliuliza, masikini, maana ilibidi aulize kitu.

"Hilo ndilo sijui. Nasikia tu ana maneno mengi."

Meneja alikwenda kwenye meza ya pembeni kujiongezea chai. Shangazi aliinamia meza, na kwa mara ya kwanza tangu kijana aingie alimtazama Bahasha usoni.

"Ukifumbua mdomo, nami nafumbua," alinong'ona.

"Shangazi, binti ananipenda mimi."

"Kupenda hakuezeki nyumba. Ulinidanganya sebuleni kwangu, na maji yangu ya baridi ukanywa."

"Na wewe umeahidi mtoto mmoja kwa watu wawili!"

"Punguza sauti. Sikiliza, mwanangu, tusiumizane. Kazi umeipata, chukua. Mtoto niachie. Kazi hizi hazipatikani, wewe mwenyewe shahidi, umezunguka mpaka umepewa jina la bahasha. Mke utapata mwingine, tena ukiwa na mshahara watakufuata wenyewe."

Bahasha alifungua mdomo amjibu jibu la kumkata maini. Halikuja. Nasema ukweli, halikuja, na mwenyewe alishtuka lilivyochelewa.

Simu ya Meneja ililia mezani.

"Ah! Mwenyewe huyu!" Meneja alirudi mbio, chai ikimrukia mkononi. "Mkwe, binti yako ananipigia mwenyewe! Siku njema huonekana asubuhi!" Akaifungulia spika wote wafaidi.

"Meneja, nipo getini kwenu," sauti ya binti ilisema. Nyuma yake lori lilikuwa linanguruma. "Usijisumbue kushuka, sikuja kwako. Nimechoka na maneno ya kupelekeana. Nimemfuata mtu wangu. Nataka asimame mbele yako na mbele ya shangazi, aseme kwamba mimi ni mchumba wake, yaishe. Lakini mlinzi wako ananicheka, ananiambia hapa hakuna msimamizi wa ghala."

"Mlinzi hajui kitu," Meneja alisema, akimkonyeza Bahasha.

"Nilijua! Nimemwambia, kaka, huyo unayemcheka mimi namfahamu. Hana makuu, lakini si mwongo. Angekuwa mwongo ningeshamjua zamani."

Shangazi alifunga macho. Meneja aliifunika simu kwa kiganja, bega likimtikisika kwa kicheko, kisha akaifunua.

"Msimamizi yupo, mpenzi. Nimemwajiri sasa hivi, wino haujakauka. Ongea naye, umuulize kama humu ndani kuna mwingine."

Akaisukuma simu mpaka chini ya kidevu cha Bahasha.

"Haloo?" binti alisema. "Kaka, samahani kwa usumbufu. Haloo?"

Meneja alikuwa anatabasamu. Shangazi alikuwa anatikisa kichwa polepole: usithubutu. Na Bahasha, bwana maneno mengi, alikuwa anahitaji mawili tu. *Ni mimi.* Hayo tu. Angeyasema, angetoka pale bila kazi, bila koti, pengine katikati ya askari, lakini angetoka na mtu wake. Alijua hivyo. Alijua kabisa.

Aliitazama meza. Aliutazama mlango. Akakumbuka milango yote aliyowahi kutolewa na bahasha yake kwapani, na wote waliomwambia tutakupigia.

Akaikunja sauti, akaifanya nzito, akaishusha mpaka tumboni.

"Hujambo, shemeji," akasema.

Lori la getini lilizimwa.

"Umesikia!" Meneja alimpiga Bahasha begani kwa furaha. "Ameshakuita shemeji! Kijana ana akili huyu, hata sijamfundisha!"

Meneja aliitikisa simu mara mbili, na tabasamu lake likaanza kuchoka. Kisha sauti ya binti ikarudi, taratibu, kavu.

"Sijambo, shemeji," alisema. "Usiondoke hapo ulipo. Napanda ngazi."